SOMO: KUCHAGUA BETRI NDOGO YA GARI JEPESI



Siku hizi katika vijiji vya Kibaha na Kisarawe mizigo mingi haibebwi tena kichwani wala kwa baiskeli peke yake. Mihogo, korosho, matofali na mabati husafiri kwa guta la injini. Abiria hupanda bajaji. Mwenye uwezo zaidi hununua kirikuu. Haya yote ni magari mepesi. Injini yake ni ndogo, na betri yake ni ndogo pia.

Maguta na bajaji nyingi hufika nchini zikiwa vipande ndani ya masanduku. Fundi hufungua sanduku, akaunganisha magurudumu, bodi, waya na betri. Kazi ya namna hii si ngeni Kibaha. Eneo linaloitwa TAMCO lilipata jina lake kutokana na kiwanda kilichokuwa kikiunganisha malori ya Scania yaliyoletwa vipande kutoka Uswidi. Na huko huko Kibaha, katika kituo cha Nyumbu, Watanzania walibuni lori lao wenyewe, wakaliita Nyumbu.

Leo hatujifunzi kuunda gari. Tunajifunza jambo dogo linalowatoa watu pesa nyingi: kuchagua betri. Wengi hununua kwa macho. Wanatazama boksi na bei, basi. Baada ya miezi michache betri imekufa, guta linasukumwa mchangani, na mihogo inaharibika njiani. Lakini kila betri imeandikwa namba. Wewe unajua kusoma. Namba hizo zinakungoja wewe.

1. BETRI NI NINI?

Betri ni ghala la umeme. Injini inapozunguka, dinamo huzalisha umeme na kuujaza katika ghala hilo. Injini ikizimwa, taa, honi, redio na stata huchota humo.

Betri ya kawaida ya gari ina vyumba 6. Kila chumba kina sahani za madini ya risasi, zimezama katika asidi iliyochanganywa na maji. Chumba kimoja hutoa umeme wa volti 2 na kidogo. Vyumba 6 vikiungana tunapata betri ya volti 12. Mtu aliyegundua betri ya risasi inayoweza kuchajiwa tena ni Mfaransa Gaston Planté, mwaka 1859. Tangu hapo imeboreshwa sana, lakini kanuni yake ni ile ile.

2. SOMA NAMBA KABLA YA KUTOA PESA

Yapo mambo manne ya kusoma au kupima.

La kwanza ni volti. Herufi yake ni V. Volti ni msukumo wa umeme. Gari la volti 12 lipewe betri ya volti 12. Hapo hakuna mjadala. Vyombo vichache vya zamani hutumia volti 6. Ukifunga betri ya volti 12 katika chombo cha volti 6, taa zitaungua.

La pili ni ampea-saa. Herufi zake ni Ah. Hiki ndicho kipimo cha ukubwa wa ghala. Betri ya 9 Ah ni ghala dogo, ya 35 Ah ni kubwa. Mara nyingine namba hii imefichwa ndani ya jina la betri. Mfano ni 12N9. Namba 12 ni volti, na 9 ni ampea-saa.

La tatu ni ukubwa wa boksi. Chukua rula, pima urefu, upana na kimo cha betri ya zamani. Andika. Betri pana mno haitaingia. Betri nyembamba itacheza, na barabara zetu za vumbi na mashimo zitaitikisa mpaka sahani zake zikatike.

La nne ni upande wa nguzo. Kila betri ina nguzo mbili: chanya, yenye alama ya kujumlisha (+), na hasi, yenye alama ya kutoa (−). Betri mbili zinaweza kulingana kwa kila kitu, lakini moja ina chanya kushoto na nyingine kulia. Ukikosea, waya hazitafika. Fundi mwenye haraka atazivuta kwa nguvu, au atazifunga kinyume. Waya zikifungwa kinyume, fyuzi huungua, na vifaa vya chaji vinaweza kuungua papo hapo.

Betri nyingine huandikwa pia herufi CCA pamoja na namba. Hiyo huonyesha nguvu ya kupiga stata. Namba ikiwa kubwa, msukumo wa stata ni mkubwa.

3. HAYA, TUHESABU PAMOJA

Betri ndogo haina akiba kubwa. Kwa hiyo lazima ujue unachota kiasi gani. Kila taa imeandikwa wati, herufi W. Tuseme guta lina vitu hivi:

Taa ya mbele: wati 35
Taa ya nyuma: wati 5
Redio: wati 8
Jumla: wati 48

Sasa gawa wati kwa volti. 48 ukigawa kwa 12 unapata 4. Maana yake vitu hivyo vinachota ampea 4.

Betri ina 9 Ah. Usihesabu zote. Betri ya risasi ikizoea kuchotwa mpaka chini, huchakaa upesi. Basi hesabu nusu tu, yaani 4.5 (soma: nne nukta tano). Gawa 4.5 kwa 4. Jibu ni saa moja na kama dakika 7.

Umeona? Mfanyabiashara akizima injini gulioni jioni, akaacha taa zinawaka na redio inaimba, baada ya saa moja tu nusu ya ghala imekwisha. Akiendelea, stata haitazunguka. Atapiga kiki mpaka mguu uume, ikiwa guta lake lina kiki.

Akifunga betri ya 14 Ah, nusu yake ni 7. Gawa kwa 4, atapata saa moja na dakika 45. Je, si bora afunge ya 35 Ah kabisa? Pole pole. Dinamo ya gari jepesi ni ndogo. Tuseme baada ya kulisha taa inabakiza ampea 2 za kuchaji. Betri ya 35 Ah ikiwa nusu, inadai ampea-saa 17.5. Dinamo hiyo itahitaji saa 9 hivi au zaidi za safari kuijaza. Nani anaendesha guta saa 9 mfululizo kila siku? Betri kubwa juu ya dinamo ndogo ni kama pipa chini ya bomba linalodondosha. Halijai. Na betri ya risasi isiyojaa kwa muda mrefu huota ukoga mgumu juu ya sahani, mwisho inakufa.

Kanuni ni hii: anza na ukubwa aliouweka mtengenezaji. Ukiwa na haja ya taa na redio zaidi, panda hatua moja, si hatua tano. Na punguza matumizi. Taa za kisasa za LED hutoa mwanga mwingi kwa wati chache.

4. AINA TATU UTAKAZOZIKUTA DUKANI

Betri ya maji. Ina vifuniko juu, unaweza kuongeza maji. Ubavuni ina mistari miwili, nayo mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza UPPER, yaani juu, na LOWER, yaani chini. Maji yakae kati ya mistari hiyo. Bei yake ni nafuu na humvumilia fundi wa kijijini. Lakini inataka kuangaliwa, na haipendi kulazwa wala kupinduka.

Betri kavu. Jina hili lisikudanganye. Ndani ina asidi, ila imenyonywa na kitambaa cha nyuzi za kioo kama maji katika sifongo. Haimwagiki kirahisi na haiongezwi maji. Mara nyingi huandikwa MF. Inafaa sana guta linalorukaruka barabarani. Ubaya wake ni kwamba ikichajiwa kupita kiasi hukauka, na huwezi kuirudishia maji.

Betri ya lithiamu. Hii ni nyepesi mno, na hukaa muda mrefu ikitunzwa. Lakini bei yake ni kubwa. Tena inadai mfumo wa chaji unaokubaliana nayo. Ukiifunga kwenye gari ambalo chaji yake inapanda hovyo, unaweza kuiua, na ikiharibika vibaya inaweza kushika moto. Jambo jingine: betri ya lithiamu yenye Ah chache inaweza kupiga stata vizuri kama ya risasi yenye Ah nyingi, lakini haitawasha taa kwa muda ule ule. Kwa hiyo soma Ah zake halisi, usiridhike na maneno kwamba ni sawa na ya 9.

5. JE, UZITO UNA MAANA?

Huko Uingereza, tangu mwaka 1957, lilikuwapo gari jepesi liitwalo Lotus Seven. Liliweza kununuliwa vipande, mwenyewe akaliunganisha nyumbani. Watu wa magari kama hayo hushindana kwa mbio, hivyo huhesabu kila kilo. Kwao betri nyepesi ni ushindi.

Kwetu hesabu ni nyingine. Betri ya risasi ya 9 Ah ina uzito wa kilo 3 hivi. Ya 35 Ah ina kilo 10 hivi. Tofauti ni kilo 7. Debe moja la mahindi lina kilo 18 hivi. Kwa hiyo tofauti hiyo haifiki hata nusu debe. Mwenye guta la mizigo asiuze mbuzi ili kununua wepesi wa kilo mbili. Pesa hiyo bora inunue betri ya risasi iliyo mpya na nzuri, na kibano imara cha kuishikilia.

6. MAZUNGUMZO DUKANI

Mama mmoja mwenye guta anatoka Kisarawe. Amefika duka la vipuri Mailimoja, Kibaha. Ana karatasi mkononi. Someni mazungumzo haya wawili wawili.

Muuzaji: Shikamoo, mama.
Mteja: Marahaba, mwanangu. Hujambo?
Muuzaji: Sijambo, mama. Karibu. Nikupatie nini?
Mteja: Nataka betri ya guta. Volti 12, ampea-saa 9.
Muuzaji: Ipo hii hapa. Bei poa kabisa. Wenye maguta wote wanachukua hii.
Mteja: Hebu niisome. Mbona imeandikwa 7 Ah?
Muuzaji: Ah, mama, tofauti ndogo tu hiyo.
Mteja: Kwenye 9 ukitoa 2 si kidogo, mwanangu. Mimi natembea usiku. Nipe ya 9.
Muuzaji: Haya, mama. Hii hapa ya 9.
Mteja: Naomba rula. Urefu sentimita 14 kasoro, sawa. Kimo 14, sawa. Chanya iko upande gani? Karatasi yangu inasema kushoto, ukiwa umeelekezewa nguzo.
Muuzaji: Kushoto, mama. Unaona alama?
Mteja: Nimeiona. Imetengenezwa lini?
Muuzaji: Imekaa kidogo, lakini bado haijatiwa asidi. Asidi yake iko pembeni kwenye chupa.
Mteja: Vizuri. Basi uijaze wewe mwenye vifaa, uichaji, kisha tuipime. Mimi nasubiri. Na risiti uiandike tarehe na dhamana.
Muuzaji: Mama, wewe ni fundi nini?
Mteja: Fundi wapi! Nasoma tu kilichoandikwa.

Tuangalie alichofanya mama huyu. Hakugombana. Alisoma, alipima, aliuliza tarehe, alidai risiti. Betri iliyokwisha kutiwa asidi ikakaa dukani bila chaji huzeeka kabla hujaianza. Ile ambayo haijatiwa asidi huvumilia zaidi. Ikishatiwa asidi, iachwe nusu saa asidi iingie katika sahani, kisha ichajiwe kabla ya kufungwa.

Kuchaji nako kuna kipimo. Betri ya risasi ichajiwe pole pole, kwa sehemu moja ya kumi ya Ah zake. Betri ya 9 Ah ichajiwe kwa ampea 0.9 hivi. Anayekuambia "nusu saa tu itajaa" anaichemsha.

7. PIMA KWA MITA

Mafundi wengi wana mita ya umeme. Mwombe fundi apime, wewe usome namba mwenyewe. Betri ya risasi iwe imepumzika saa kadhaa bila chaji na bila kutumika.

Volti 12.6 au zaidi: imejaa.
Volti 12.4: robo tatu hivi.
Volti 12.2: nusu hivi. Ichaji.
Volti 12.0: robo hivi. Ichaji leo leo.
Chini ya 11.8: imekwisha.

Kisha washa injini, ongeza moto kidogo. Mita isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12, basi dinamo au waya za chaji zina kasoro. Ikipita 15, chaji imezidi. Katika hali hizo mbili usilaumu betri. Ukinunua mpya bila kutengeneza chaji, nayo itakufa kama ya kwanza. Hapa ndipo wengi hununua betri tatu kwa mwaka, na ugonjwa uko kwingine.

8. KUIFUNGA NA KUITUNZA

Wakati wa kufungua, anza na nguzo hasi. Wakati wa kufunga, anza na chanya, hasi iwe ya mwisho. Hivyo spana ikigusa bodi kwa bahati mbaya, haitapiga cheche.

Ifunge betri kwa kibano, usiifunge kwa kamba ya katani. Iweke mbali na bomba la moshi, maana joto hufupisha maisha yake. Kama ina mpira wa kupumulia, usiuzibe wala usiukunje. Safisha ukoga mweupe kwenye nguzo, kisha paka grisi kidogo.

Betri ya maji itazamwe kila wiki mbili. Maji yakipungua, ongeza maji safi ya betri yaliyotoneshwa. Usiongeze asidi. Wengi hukosea hapa, kwa sababu vyote viwili huitwa maji ya betri. Kinachopotea ndani ni maji, asidi inabaki. Maji ya kisima au ya bomba nayo hayafai, yana chumvi zinazoharibu sahani. Soma maandishi ya chupa kabla ya kumimina.

Gari likipumzika, kwa mfano masika barabara zinapokatika, fungua waya wa hasi, na uichaji betri kila mwezi.

Angalia pia usalama. Betri inapochajiwa hutoa hewa inayolipuka. Usivute sigara karibu wala usimulike kwa kibatari. Asidi ikikuingia jichoni, osha papo hapo kwa maji safi mengi, kwa muda wa dakika 20, kisha nenda zahanati bila kuchelewa.

9. BETRI IKIFA

Usiipasue betri kuukuu. Usiyeyushe risasi yake nyumbani kwa kutengeneza vizito vya nyavu au kitu kingine. Moshi na vumbi lake ni sumu, na huharibu akili za watoto. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kati ya watu kuanzia mwaka 2007 hadi 2014. Wananchi wengi walidhurika. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Lakini fidia hairudishi afya ya mtoto.

Ipeleke betri kuukuu kwa muuzaji au kwa mnunuzi anayezikusanya. Ina thamani. Dai upunguziwe bei ya betri mpya.

10. MALI BILA DAFTARI

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Chukua daftari lako la kisomo. Andika: tarehe ya kununua, jina la betri, volti, Ah, vipimo, upande wa chanya, na bei. Kila ukipima, andika volti. Betri inayokufa polepole itaonekana katika daftari kabla haijakuacha porini kati ya Maneromango na Kisarawe.

MANENO YA KUKUMBUKA

Volti: kipimo cha msukumo wa umeme.
Ampea: kipimo cha wingi wa umeme unaopita.
Ampea-saa: kipimo cha ukubwa wa ghala la betri.
Wati: kipimo cha nguvu inayotumiwa na kifaa.
Nguzo: vichwa viwili vya betri vinavyofungwa waya.

ZOEZI. Jadilini katika kikundi chenu.

1. Bajaji ina taa za wati 40 na redio ya wati 20. Betri ni ya volti 12, 10 Ah. Ukitumia nusu tu ya betri, injini ikiwa imezimwa, vitawaka kwa muda gani?
2. Betri mpya imekufa baada ya miezi miwili. Kabla ya kununua nyingine mtapima nini?
3. Tazameni betri moja iliyopo kijijini. Isomeni namba zake zote na kuziandika.

Jibu la swali la 1: wati 60 gawa kwa 12 ni ampea 5. Nusu ya 10 ni 5. Gawa 5 kwa 5. Vitawaka saa moja.